Siku Baba Alipolala Topeni na Koti la Jumapili

Uvumilivu wangu uliisha nikiwa na pasi ya makaa mkononi. Nilikuwa nanyoosha shati la mume wangu, lile jeupe la kwenda nalo ofisini stesheni, wakati Perisi, binti yangu wa kwanza, alipoingia kutoka shuleni na kuweka kitambaa mezani. Kilikuwa kitambaa cha mkono, kimekunjwa pindo pande zote nne, na kwenye kona moja alikuwa ameshona ua la zambarau. Nikamwambia ni kizuri, kwa sababu kilikuwa kizuri. Halafu nikagundua kitu. Kikopo chake cha vifaa vya hesabu, ambacho kila siku huingia nyumbani kabla yake kwa kelele, siku hiyo kilikuwa kimya.

Nikamwuliza. Akajibu akiangalia miguu yake. Kipimapembe amepewa Barasa, mvulana wa darasani kwao. Ile pembetatu ya mbao amepewa jirani yake Barasa. Muhula huu wasichana hawatavihitaji, wavulana wakisoma pembe wao watakuwa wanatoka nje kushona.

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilimwuliza mwalimu kama naweza kukaa nyuma nisikilize tu."

"Akasema?"

"Akasema, 'Utaenda kupima nini, sufuria?' Wakacheka wote."

Pasi niliisahau juu ya shati. Alama yake ipo mpaka leo, katikati ya mgongo, na mume wangu huifunika kwa koti hata jua likiwaka. Sijamwomba radhi na sina mpango huo.

Nilichofanya baadaye nitakieleza nikifika mwisho. Kwanza nataka mnielewe, nyinyi mnaosoma, maana najua wapo watakaosema huyu mama amesoma hadi sekondari ya misheni akaharibika kichwa, anaunguza nguo kwa ajili ya kipande cha mbao. Nilikichukua kile kikopo nikakifungua. Ndani hamkuwa na kitu ila harufu ya bati jipya lililoshinda juani, harufu kali kidogo, kama ya mvua inayokaribia. Nikakaa chini na kikopo mapajani. Harufu ile naijua. Ni harufu ya debe lililokatwa kwa mkasi, na debe lililokatwa kwa mkasi ndilo lililonifundisha mimi pembe ni nini.

Nilikulia kwenye shamba la Kaburu mmoja upande wa Kapseret, mwendo wa asubuhi nzima kwa gari la ng'ombe kutoka Sisibo, kama wazee wetu walivyouita mji wa Eldoret. Baba alitoka Maragoli akiwa kijana, akaandikwa kazi, akapewa kijishamba cha mahindi na mahali pa kujenga, akawa sikwota kama wengine. Kazi yake ilikuwa kuendesha lile gari la ng'ombe, kupeleka mahindi na ngano stesheni. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache aliwaambia ng'ombe. Kila mmoja alikuwa na jina, na baba alikuwa akiwakaripia kwa upole, kama mtu anayewaamsha watoto wa wenyewe.

Asubuhi za kule zilikuwa za baridi ya kukata masikio. Ukungu ulikuwa ukilala juu ya mahindi mpaka jua lipande, na tulikuwa tukienda shule tukikanyaga mahali ng'ombe walipokuwa wamelala, ili nyayo zipate joto. Shule yenyewe ilikuwa nyumba moja ndefu ya udongo na nyasi, iliyojengwa na wazazi wetu kwa mikono yao kwenye kona ya shamba ambayo Kaburu hakuwa na kazi nayo. Jumapili ilikuwa kanisa, siku nyingine shule. Kengele ilikuwa kisahani cha plau kilichochakaa, kimening'inizwa kwa waya, na kilikuwa na sauti tamu kuliko kengele yoyote ya shaba niliyowahi kusikia tangu hapo.

Mwalimu wetu aliitwa Festo. Alikuwa kijana mwembamba, ana jozi moja ya viatu, na siku za matope aliibeba kwapani akatembea pekupeku, akaivaa mlangoni. Alikaa na mama yake mzazi katika kibanda nyuma ya shule. Wasichana tulikuwa watatu tu darasani na hakuna aliyetutoa nje. Nadhani Mwalimu Festo alikuwa na wanafunzi wachache mno kuweza kuwachagua.

Siku alipotufundisha pembe alikuja na debe la mafuta ya taa alilolipasua na kulinyoosha. Akakata mraba kwa mkasi, bati likalia mpaka meno yakauma. Kisha akaukata mraba ule kutoka kona mpaka kona, akapata pembetatu mbili. Akatuonyesha: hii kona kubwa ni pembe mraba, digrii tisini. Hizi mbili ndogo ziko sawa, kila moja ni nusu ya ile, digrii arobaini na tano. Halafu akatoa kopo la tumbaku, akakata mraba mdogo kama kiganja, nao akaupasua vilevile. Akatuuliza, kona ndogo ya hii pembetatu ndogo na kona ndogo ya ile kubwa, ipi ni kubwa zaidi?

Nilikuwa wa kwanza kuinua mkono. Nikasema ile ya debe, bila shaka, kwani si inaonekana? Akaweka moja juu ya nyingine na kona zikalingana kabisa. Mimi sikukubali. Niliona kama kiinimacho. Inawezekanaje kitu chenye miguu mirefu kiwe sawa na kitu chenye miguu mifupi?

Nilirudi nyumbani nimevimba. Baba alikuwa anapaka mafuta ugwe wa ngozi mlangoni, nikamweleza jinsi mwalimu alivyonidanganya. Baba hakuwa amekanyaga shule. Alisikiliza, akaangalia mlango wetu wa mabanzi, akausukuma kwa mguu mpaka ukafunguka nusu.

"Mlango huu umefunguka kiasi gani?"

"Nusu."

"Panya akipita huku chini karibu na bawaba, anauona umefunguka kiasi gani?"

Nikainama kuitazama bawaba.

"Nusu," akasema mwenyewe. "Na ng'ombe akipita huko kwenye ncha?"

"Nusu."

"Basi mwalimu wako si mwongo. Mlango ukifunguka nusu, panya na ng'ombe wote wameona nusu."

Akarudi kwenye ugwe wake. Maneno hayo niliyafungua na kuyafunga kama ule mlango mpaka mama akanifukuza kwa sababu ya upepo. Lakini yaliingia. Pembe haipimi urefu wa kitu. Inapima kitu kimefunguka kiasi gani, na kufunguka ni kulekule, aangalie mdogo au aangalie mkubwa.

Sasa kulikuwa na mti. Mkaratusi, bluugamu kama tulivyouita, ambao Kaburu aliupanda alipofika nchi ile akiwa kijana mwenyewe. Ulisimama mbele ya shule, ng'ambo ya uwanja, mrefu kiasi cha kuonekana kutoka barabara ya Cheptiret. Mwaka ule, wakati ile vita kubwa ilipokuwa ikiendelea huko kwa wenyewe, radi iliupiga. Upande mmoja ukakauka, ukaanza kuinama kuelekea shule, na kila upepo ukivuma ulikuwa ukilia kama mzee anayeinuka kitini.

Kaburu alikuja na lori lake, akauzunguka mti, akauangalia, akaangalia shule. Alikuwa na kile Kiswahili chao cha shambani. "Hii mti nakufa. Kata. Lakini toa hii nyumba kwanza, mimi hapana taka kesi ya nyasi yenu."

Mti ulikuwa umeegemea upande wetu na usingeweza kuangushwa kwingine, mafundi wake walishasema. Kwa hiyo shule ivunjwe, mti uangushwe, halafu? Halafu, wazee wakauliza kwa adabu, tutajenga tena? Kaburu akasema atafikiri. Kila mtu alijua maana ya kufikiri. Pale pakishakuwa wazi atapanda ngano, na sisi tutakwenda kusali chini ya mvua. Shule nyingine ya watoto weusi ilikuwa mbali, kiasi kwamba msichana asingetumwa huko.

Mwalimu Festo alimwomba jambo moja. Kama mti ni mfupi kuliko umbali uliopo mpaka ukuta, hautaifikia nyumba. Ampe nafasi aupime. Kaburu akacheka, akasema apime, atarudi Jumatatu.

Jumapili ile ibada ilikwisha mapema kuliko kawaida, jambo ambalo sijaliona tena. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na uwanja, ambao ni tambarare kama meza, ulikuwa tope jekundu la kunata. Mwalimu akatoa ile pembetatu kubwa ya debe, akaifunga uzi wenye kijiwe pembeni apate kujua imesimama wima. Akaeleza. Mtu asimame ukutani, aweke jicho kwenye kona ndogo, atazame juu kufuata ukingo ule ulioinama. Ukingo ule unapanda sawasawa na unavyokwenda mbele, hatua kwa hatua. Ncha ya mti ikikaa chini yake, mti ni mfupi. Ikiwa juu yake, mti unatufikia.

Hapo watu wetu walifanya kosa ambalo ni watu wetu tu wangelifanya. Walimchagua Mzee Ainea. Mzee Ainea alikuwa mzee wa kanisa na mtu mrefu kuliko wote shambani, alikuwa akiinama kwenye milango ambayo wengine tuliingia tumejitwika kuni. Ilionekana heshima, na pia ilionekana akili: jambo la urefu apewe mwenye urefu. Akasimama ukutani, akavua kofia, akafumba jicho moja.

"Ncha iko chini ya ukingo," akatangaza. "Kidogo tu, lakini chini."

Mama mmoja akapiga kigelegele. Mwalimu Festo akainua mkono.

"Bado, Mzee. Jicho lako haliko ardhini, liko huko juu. Lazima tuongeze kimo chako, kutoka nyayo mpaka jicho. Ndipo tutajua."

"Mnaongezaje?"

Mwalimu akainua fito.

Watu wakarudi nyuma hatua moja. Labda nyinyi mmekulia penye desturi nyingine, kwa hiyo niseme wazi. Kwetu mtu hupimwa kwa fito mara moja tu, na siku hiyo mwenyewe hana habari. Wachimbaji huja na fito ndani ya nyumba, wakailaza kando ya maiti, wakaikata, wakaenda nayo shambani kuchimba. Kumsimamishia fito mtu aliye hai ni kumwita huko.

Mzee Ainea akavaa kofia yake. "Mwalimu, mimi nimekuja kupima mti."

"Ndiyo, Mzee."

"Basi pima mti."

Mwalimu akasema, hakuna shida, atatazama yeye na atajipima mwenyewe. Akaegemea ukuta, akasimamisha fito kando ya mguu wake. Mama yake, ambaye hadi hapo alikuwa ameketi kwenye gogo akichambua mboga za jioni, hata hakuinuka. Alisema tu, "Festo. Mimi niko hai." Mwalimu akaishusha ile fito polepole, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Wakaanza kubishana. Mmoja akasema tukisie. Mwalimu akasema mti haujui kukisia, ukianguka unaanguka wote. Mwingine akasema tupime mtoto, na akina mama wakawavuta watoto wao nyuma ya sketi mpaka uwanja ukabaki na wanaume na kuku. Mama naye alinishika bega. Na mimi nilikuwa nafikiria panya na ng'ombe.

Mtoto hakuruhusiwa kusema mbele ya wazee, kwa hiyo nilijichomoa, nikamwendea baba, nikamvuta pindo la koti. Hilo koti lazima nilieleze. Lilikuwa jeusi, zito, la Jumapili tu, lilikaa juma zima limefungwa kwenye shuka pamoja na majani ya bluugamu ili wadudu wasiliguse. Baba akilivaa alikuwa akitembea tofauti, hata shingo ilibadilika. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Baba, kama jicho likiwekwa chini kabisa, kuna cha kuongeza?"

Baba hakuelewa. Najua hakuelewa kwa sababu alinitazama kama alivyokuwa akimtazama ng'ombe aliyesimama njiani bila sababu. Lakini angeweza kuninyamazisha, au angeweza kulisema kama lake. Akafanya la tatu. Akasema kwa ile sauti ya kuita ng'ombe, "Mwalimu. Rasoa anauliza, jicho likiwa chini kuna cha kuongeza?"

Mwalimu Festo akaanza kucheka peke yake. "Hakuna," akasema. "Hakuna cha kuongeza. Mtu alale pale ukutani, aweke jicho ardhini. Hakuna atakayepimwa."

Wanaume wakaangalia tope. Wakaangalia nguo zao. Mvulana mmoja akajitokeza, na baba akasema, "Aliyeuliza ndiye atakayelala."

Hapo ndipo penye vurugu. Mzee Ainea akauliza kama ni kweli mtoto wa kike atalala kifudifudi mbele ya wazee, mbele ya watu ambao kesho watakuja kuposa. Mama mmoja akasema huyo ataolewa na mjusi. Mama yangu alinitazama kwa macho ya kusema gauni hilo ni moja tu. Mimi sikuwa shujaa, msinielewe vibaya. Nilikuwa nataka tu kuona. Nikalala.

Tope lilikuwa baridi tumboni, lilinukia nyasi iliyooza na mvua. Mwalimu akaweka ubao, juu yake pembetatu, akaweka sawa kile kijiwe. Nyuma yangu walikuwa wakicheka. Kicheko cha watu wazima kina uzito, kilinikalia mgongoni nikashindwa kufumba jicho moja, yalikuwa yakifumba yote mawili. Masikio yaliwaka. Nikajua nitainuka, na nikishainuka sitauliza kitu tena maisha yangu yote.

Kisha kitu kizito kikaanguka kando yangu, tope likaniruka shavuni. Nikageuka. Ni baba. Amelala kifudifudi, kidevu kwenye tope, na koti la Jumapili mwilini, vifungo vyote vimefungwa.

Kicheko kikakatika. Mtoto unaweza kumcheka. Mtu mzima mwenye koti aliyelala topeni kwa hiari yake unashindwa pa kumwanzia.

"Unaona nini?" akaniuliza, kama tuko mezani.

Nikafumba jicho moja. Safari hii likafumba moja tu. "Naona ukingo. Naona ncha ya mti."

"Iko wapi?"

"Chini ya ukingo."

"Chini sana?"

"Kama upana wa vidole viwili."

"Na mimi naona hivyo hivyo," akasema baba, akasimama, akanisimamisha.

Mwalimu akalala naye akahakikisha, viatu vyake amevishika mkononi. Akasema msichana amesema kweli. Mti haufiki.

Jumatatu Kaburu alirudi. Baba na mwalimu walikwenda kuzungumza naye kando ya lori, sisi hatukusikia. Siku mti ulipokatwa shule ilikuwa bado imesimama, na watu wote wa shamba walikuwa wamesimama pembeni mwa uwanja. Wale wawili wa msumeno walivuta na kuvuta, unga mweupe ukamwagika, harufu ya bluugamu ikajaa puani mpaka macho yakatoa machozi. Kisha mti ukapiga kelele. Ukaja polepole, halafu kwa haraka, na kwa kitambo kidogo nilisadiki kwamba nimekosea, kwa maana ulionekana unaijaza mbingu. Ardhi ikaruka. Vumbi na majani vikafunika shule yote, kisahani cha plau kikalia chenyewe. Vilipotua, ukuta ulikuwa ukuta na nyasi zilikuwa nyasi. Ncha ya mti ilikuwa imelala mbele ya mlango, na kati yake na ukuta mbuzi angepita bila kugusa upande wowote.

Kaburu akatembea mpaka pale, akaangalia ile nafasi. "Nani napima?" Baba akanionyesha kwa kidole. Kaburu akanitazama, akapanda lori, akaondoka. Hiyo ndiyo zawadi niliyopata kwake. Wenzangu walishaanza kuchuma majani ya kujifukizia mafua.

Lile koti halikutakata. Mama alilifua, akalisugua kwa majivu, akalisema kila aliposugua, na alama nyekundu ikabaki kifuani na kwenye pindo. Baba aliendelea kulivaa kanisani. Mama akimwambia linaaibisha, alikuwa akijibu kwamba tope la kanisani si uchafu.

Kwa miaka mingi nilidhani baba alilala pale kuhakiki hesabu yangu. Nilikuwa na kinyongo kidogo juu ya jambo hilo, kwamba hakuniamini mpaka aone mwenyewe. Nikaenda nalo mpaka shule ya bweni, nikafundishwa hesabu za pembetatu na majina yake makubwa, nikazipenda, na bado nilikuwa nikifikiri hivyo. Wiki ya harusi yangu, mama akinifunga kitambaa, ndipo alipoongea. Akaniuliza kama najua baba alimwambia Kaburu nini pale kando ya lori. Alimwambia, "Mti ukigusa ukuta, andika kwenye kipande changu cha kazi kwamba nimeachishwa, niondoke na watu wangu." Kaburu akasema vyema, nyumba ikiguswa wewe nakwenda. Kijishamba chetu, mahindi yaliyosimama, mlango wetu wa mabanzi, vyote alikuwa ameviweka chini ya ule mti, juu ya neno la mtoto wa kike.

"Lakini yeye mwenyewe aliangalia," nikasema. "Alisema anaona hivyo hivyo."

Mama akacheka mpaka akaacha kufunga. "Aliangalia na nini? Bati lilikuwa moja, na lilikuwa kwenye jicho lako. Mimi nilikuwa nimesimama pale. Baba yako hakuuangalia mti hata kidogo. Alikuwa anakuangalia wewe."

Basi hivyo. Baba hakulala kuhakiki kitu. Alilala ili watu wasiwe na mtu mmoja peke yake wa kumcheka. Na ule mlango wake nimeuelewa vizuri zaidi nikiwa mama mwenyewe. Digrii arobaini na tano hazikumjua Mzee Ainea kwa urefu wake, hazikunijua mimi kwa gauni langu. Zilikaa pale zilipo, zikingoja mtu yeyote aweke jicho. Wanaoweka walinzi mlangoni ni watu.

Nilipofika hapo katika kukumbuka, shati lilikuwa limeungua na chai imepoa. Perisi alikuwa bado amesimama. Nikamwuliza kama anataka kushona. Akasema anapenda kushona. Nikamwuliza kama anataka pembe. Akasema, "Nataka zote mbili, Mama." Nikatoa karatasi.

Kesho yake asubuhi nilikwenda shuleni, nimevaa vizuri, nikamkabidhi mwalimu mkuu barua yangu mkononi, nikasimama mpaka akaisoma mbele yangu. Mume wangu alikuwa ameniomba nilainishe maneno kidogo. Nililainisha, na haya ndiyo yaliyobaki:

Kwa Kamati ya Shule, kupitia kwa Mwalimu Mkuu.

Mimi ni Rasoa, mama yake Perisi. Nalalamika rasmi kwamba binti yangu na wasichana wenzake wanatolewa darasani wakati wa somo la pembe na kupelekwa kushona, na kwamba vifaa vyake vimechukuliwa na kupewa wavulana bila wazazi kuulizwa. Sipingi kushona. Kitambaa alichokuja nacho ni kizuri, na naomba wavulana nao wafundishwe, maana vifungo vyao navyo hukatika. Naomba kipimapembe na pembetatu virudishwe mkononi mwa Perisi, siyo kwangu, na virudishwe na yule aliyevichukua, mbele ya darasa lililocheka. Naomba wasichana wote warudi kwenye somo hilo tangu wiki hii.

Mwalimu aliuliza binti yangu atapima nini. Jibu ni kwamba hatujui bado. Na mimi sikujua.

Nitakuja kwenye kikao cha Kamati kusikiliza majibu. Nimempelekea habari baba yangu mzazi, na najua atakuja. Ni mzee sasa, magoti hayamsaidii, lakini mkimwona amevaa koti jeusi lenye alama ya tope kifuani, msimwambie avue. Mpeni kiti karibu na Perisi.